Foto za Zamani za Familia za Idjwi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Idjwi wanaoishi Goma na Bukavu, na wa wale waliobaki kisiwani lakini wana mtoto au mjukuu mjini mwenye telefoni nzuri. Maswali yametoka bandarini, kwenye matanga, na kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo. Tumeyapa namba ili jibu moja liweze kukutuma kwenye jingine.

## Mambo ya kwanza

1. Mnatafuta foto za namna gani?

Za familia. Harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, matanga, darasa la shule na mwalimu wao, timu ya mpira, mzee amesimama mbele ya nyumba ya mabati aliyoijenga baada ya mwaka mzuri wa kahawa. Tunaangalia zaidi zile za kabla ya mwaka 2000, maana baada ya hapo foto ni nyingi na kazi yake ni nyingine.

Usichague zilizo nzuri tu. Watu hutuletea foto ya studio, yenye pazia lililochorwa na kiti cha kifalme, wakaacha nyumbani ile iliyopigwa pwani ya ziwa kwa sababu "imetoka vibaya". Hiyo iliyotoka vibaya ndiyo inayoonyesha mtumbwi, nyavu, nyumba ya nyasi nyuma yake na mashamba yalivyokuwa. Pazia la studio ni lilelile kwa kila mteja.

2. Kama ni historia ya Idjwi, mbona kazi mnaifanya Goma na Bukavu?

Kwa sababu foto ziliondoka na watu. Idjwi ni kisiwa chenye urefu wa kilomita kama 40 katikati ya Ziwa Kivu, na kwa miaka mingi ardhi yake imekuwa ndogo kwa watu wake. Vijana walivuka kwenda kusoma au kutafuta kazi, na valizi ya foto mara nyingi ilimfuata mtoto aliyesoma, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na nyumba ya mawe au ya matofali na kabati la kufunga.

Mji nao si mahali salama. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuziba nyumba maelfu, na ndani ya nyumba hizo zilikuwamo albamu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoka tena. Halafu kuna vita: mwanzoni mwa 2025 Goma na kisha Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23, na watu wengi walitoka na nguo za mwilini tu. Kisiwani, ambako vita havikufika kwa nguvu kama bara, unakuta wakati mwingine nakala ya foto ambayo mjini ilikwisha kupotea. Kwa hiyo tunatafuta pande zote tatu.

3. Nitawaachia foto zangu?

Hapana, na usimwachie mtu mwingine yeyote anayekuambia "nitazirudisha wiki ijayo". Nakala inapigwa mbele yako, mezani kwako, na foto inarudi kwenye valizi siku hiyohiyo. Anayekusaidia anabaki na nakala ile uliyokubali abaki nayo, basi.

4. Nina valizi nzima, foto zimechanganyika. Nianze wapi?

Usianze na foto. Anza na mtu mzee kuliko wote anayeweza bado kuziangalia. Telefoni utaipata mwaka ujao pia, skana utaikuta palepale dukani, lakini koko (bibi au babu) wa miaka 85 ana msimu wake. Chukua foto kama ishirini, zile zenye watu wengi au zile usizozijua, mpelekee, halafu urudi siku nyingine na nyingine.

Kabla ya kuzitoa kwenye valizi, piga foto ya valizi yenyewe ikiwa wazi, na ya kila bahasha ilivyo. Mpangilio unaouona kuwa vurugu unaweza kuwa na maana: mara nyingi foto zilizomo bahasha moja zilipigwa siku moja au zilitumwa na mtu mmoja. Ukishazimwaga kitandani, habari hiyo imekwenda. Zigawe baadaye kwa familia au kwa mahali. Usizigawe kwa mwaka, maana mwaka ndicho kitu utakachokijua mwisho.

## Kukaa na wazee

5. Nimuulize koko maswali gani?

Swali la "huyu ni nani?" lina mwisho mfupi: atataja jina, mtanyamaza. Mwachie kwanza aangalie. Kisha uliza vitu vinavyoonekana. Kitenge hiki kilitoka wapi? Nani alikuwa na kamera? Mlivuka na bwato gani? Nyumba hii ilikuwa upande gani wa kisiwa, kwenye uchifu wa Rubenga au wa Ntambuka? Kwa nini huyu hakucheka? Nani hayupo kwenye foto na alipaswa kuwapo? Hilo la mwisho ndilo linalofungua mdomo kuliko yote.

Mwache aseme Kihavu ikiwa ndiyo lugha ya nyumbani. Ukimlazimisha Kiswahili atakupa habari fupi na ya adabu. Rekodi sauti kwa telefoni, iwe karibu naye, mbali na redio na jenereta. Kila unapobadilisha foto, sema kwa sauti namba uliyoiandika kwenye bahasha: "sasa tuko foto ya 14." Bila hiyo, jioni utakuwa na saa nzima ya sauti na hujui alikuwa anasema juu ya ipi.

Na umtajie mzee kwanza kwamba unarekodi. Wapo wanaokataa. Andika kwa mkono basi, na jambo analosema ni la nyumbani tu libaki la nyumbani.

6. Koko na mama mkubwa wanabishana juu ya mtu mmoja. Niandike lipi?

Yote mawili, na jina la aliyesema. "Kwa koko, huyu ni ndugu yake mdogo kabla ya kwenda Bukavu, kwa mama mkubwa, ni mtoto wa jirani." Usiamue wewe, wala usiwapigie kura wajukuu. Mara nyingi ubishi wenyewe una habari: unaonyesha kuwa nyumba mbili zilikuwa karibu kiasi cha watoto kuchanganyikiwa. Mwanahistoria Mmarekani David Newbury, aliyekaa Idjwi miaka ya 1970 akiuliza wazee juu ya koo na ufalme, alikusanya masimulizi ya watu wengi kuhusu mambo yaleyale, na tofauti zao zilikuwa sehemu ya alichojifunza.

7. Wazee wote wamekufa. Hakuna anayewajua watu hawa.

Geuza foto. Nyuma unaweza kukuta mhuri wa studio, namba ya wino, salamu kwa Kifaransa, jina la paruasi. Kisha linganisha: kitenge kilekile, kiti kilekile, ukuta uleule kwenye foto nyingine ambayo watu wake wanajulikana. Sikio na nywele za mbele hazidanganyi sana. Sura ya mtu aliyenenepa hudanganya.

Baada ya hapo ipeleke nje ya familia. Watu waliokaa darasa moja, walioimba kwaya moja, au waliochuma kahawa shamba moja hujuana hata kama ukoo hauwajui. Kabla ya kuitupa kwenye kikundi cha watu mia mbili, soma swali la 19.

Ikishindikana, andika "hajulikani" na mahali foto ilipokutwa. Usijaze jina la kubahatisha. Jina la uongo likishapita mikono mitatu linakuwa ukweli, na hakuna atakayeuliza tena.

## Kujua foto ni ya lini

8. Nyuma hakuna tarehe. Nitajuaje mwaka?

Hutaujua mwaka mmoja. Utapata mipaka miwili: haiwezi kuwa kabla ya hapa, haiwezi kuwa baada ya hapa.

Anza na karatasi. Foto ndogo nyeusi na nyeupe yenye kingo zilizokatwa kama meno mara nyingi ni ya miaka ya 1940 hadi 1960. Karatasi inayoteleza, yenye plastiki ndani, isiyochanika kirahisi, ilienea kuanzia miaka ya 1970. Foto ya rangi iliyogeuka nyekundu yote ni kawaida ya miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980: rangi ya samawati ndiyo iliyokufa kwanza.

Kisha nguo. Baba amevaa abakosti, lile koti la wakati wa Rais Mobutu, bila tai? Tuko katika Zaïre, baada ya 1971. Ofisa aliyefunga tai kwa fahari ni wa kabla ya hapo au wa baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, tai ziliporudi. Beji ya MPR, chama cha Mobutu, haiwezi kuwa ya kabla ya 1967, mwaka chama kilipoanzishwa. Bendera ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge ni ya kati ya 1971 na 1997.

Majina yanasema pia. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na watu wakajiandika kwa majina ya mababu. Ukiona mtu mmoja ameandikwa "Joseph" nyuma ya foto moja na jina la Kihavu peke yake nyuma ya nyingine, umeshapata ipi ilitangulia, au angalau ipi iliandikwa kwanza. Mhuri wa "Costermansville" ni wa kabla ya 1954, kabla mji haujarudishiwa jina la Bukavu.

Kwa foto za Idjwi kuna kipimo ambacho watu wa mjini hawakifikirii: ziwa lenyewe. Sambaza, wale samaki wadogo, hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi wake wa usiku, ule wa mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu na taa juu ya wavu, ulishika kasi baada ya miaka ya 1970. Kwa hiyo ile foto inayosemwa kuwa ni "ya wakati wa Wabelgiji", lakini pembeni inaonekana mitumbwi mitatu pamoja na ile miti, si ya wakati wa Wabelgiji. Kagua pia paa: nyasi, vigae, mabati. Kagua viatu vya watoto.

Usiegemee kitu kimoja. Mzee anaweza kuvaa koti la 1955 mwaka 1980, na sisi tunawajua waliofanya hivyo.

9. Kuna tarehe ya rangi ya machungwa kwenye kona. Si hiyo inatosha?

Haitoshi. Hiyo iliandikwa na kamera, na kamera nyingi hazikupangwa saa baada ya kubadilishwa betri. Iandike, lakini ipime na yaliyomo kwenye foto.

10. Kuna foto ya mwami (mfalme) Kabego?

Tunaulizwa hili karibu kila mara. Kabego alitawala Idjwi katika karne ya 19 na alipambana na mwami Rwabugiri wa Rwanda. Mzungu wa kwanza anayejulikana kulifikia Ziwa Kivu, Gustav Adolf von Götzen, alifika mwaka 1894, na Kabego alikuwa amekwisha kufa. Foto inayozunguka kwenye intaneti ikiwa na jina lake si yake.

Foto nyingi za mwanzo za eneo letu zilitokana na msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa 1907 na 1908, na sehemu kubwa ya zile maarufu ni za kasri la mwami Musinga huko Rwanda: watu warefu, mavazi meupe, vijana wanaoruka juu. Watu huzichukua na kuzibandika jina la mwami yeyote wanayemtaka. Ukiletewa moja, uliza ilipigwa wapi na imehifadhiwa wapi kabla ya kuisambaza.

## Kupiga nakala

11. Sina skana, nina telefoni tu.

Inatosha kwa kuanzia, na familia nyingi zitaishia hapo bila ubaya wowote. Weka foto juu ya meza barazani au karibu na dirisha, penye mwanga wa mchana lakini si jua lenyewe. Zima flashi. Telefoni iwe sambamba na foto. Iegemeze kwenye rundo la vitabu au kwenye viti viwili ili mkono usitikisike. Acha ukingo kidogo wa meza uonekane pande zote, usikate mpaka wa foto, maana kingo zinasaidia kujua mwaka (swali la 8). Kisha geuza na upige nyuma, hata kama nyuma ni peupe.

Ikiwa foto inang'aa, vaa nguo nyeusi na usimame kati yake na mwanga unaorudi. Ni ujanja wa maskini, lakini unafanya kazi kuliko programu nyingi za kuondoa mng'ao.

12. Nikienda kwa mtu wa burotiki (duka la fotokopi na kompyuta) mwenye skana, nimwambie nini?

Mwambie: dpi 600 (nukta kwa kila inchi), rangi (hata kwa foto nyeusi na nyeupe), na faili ya TIFF. Akikuambia mashine yake inatoa JPEG tu, kubali, lakini ubora uwe wa juu kabisa. Asikupe PDF, mashine nyingi za fotokopi huzoea kutoa PDF ya ukurasa wa barua, na foto inabana. Mkatalie "kuisafisha" kwa kompyuta. Kioo cha skana kipanguswe kwanza, maana kimebeba vumbi la fotokopi za kadi za uchaguzi za mji mzima. Na ukae palepale mpaka amalize.

Usiruhusu foto iliyopinda au iliyopasuka ipite kwenye mashine inayovuta karatasi. Iwekwe kwenye kioo kwa mkono.

13. Nimekuta filamu za negativu. Ni takataka?

Ni dhahabu. Negativu ni ya kwanza kuliko foto yoyote iliyotokana nayo. Ishike pembeni kwa vidole vikavu, itie kwenye karatasi safi, usiibandike. Ukitaka kujua ilichobeba, weka telefoni nyingine yenye ukurasa mweupe chini yake, piga, kisha geuza rangi kwenye programu ya foto. Nakala nzuri inahitaji skana ya negativu, dpi 2400 au zaidi.

14. Kwa nini foto niliyotumiwa kwa WhatsApp imekuwa ndogo?

WhatsApp inaibana ili ipite haraka. Itume kama dokumenti, au muihamishe kwa Bluetooth au kwa flashi ya USB mkiwa pamoja. Kwa bei ya mega za intaneti hapa kwetu, mkikaa pamoja ndiyo nafuu.

15. Kuna programu inayopaka rangi na kutengeneza sura iliyofifia. Nitumie?

Kwa kujifurahisha, ndiyo, juu ya nakala. Kwa kumbukumbu, hapana. Programu haijui koko wako alikuwa na sura gani. Inaunganisha sura za watu wengine ilizowahi kuona na kumwekea macho yasiyo yake. Kitenge cha kijani itakipaka bluu bila haya. Na baada ya miezi miwili ile yenye rangi ndiyo inayotundikwa ukutani, ile ya kweli iko chini ya kitanda. Ukitumia, andika jina la faili wazi: "imepakwa rangi na programu".

## Kutunza foto zenyewe

16. Foto zimeloa na kushikana. Nifanye nini sasa hivi?

Usizitenganishe zikiwa nusu kavu. Zitie kwenye beseni la maji safi ya baridi, uache dakika kadhaa, uone kama zinaachiana zenyewe. Zilizoachiana zioshe polepole, kisha zilaze juu ya kitambaa safi, uso ukitazama juu, kivulini penye upepo. Jua litazikunja na kuzipasua. Kama ziko nyingi kuliko muda ulio nao, ziache zikiwa na unyevu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Una siku mbili hivi kabla ya ukungu kuanza.

Kwa matope au majivu ya volkano ambayo ni makavu, usipanguse kwa kitambaa. Majivu yanakwaruza. Peperusha kwa brashi laini.

17. Foto imenata kwenye kioo cha kadre.

Iache. Piga nakala kupitia kioo, kwa pembe isiyorudisha mwanga, na uache foto na kioo chake viendelee kukaa pamoja. Kila anayevuta hubaki na nusu ya uso kwenye kioo.

Vilevile kuplastifia (kuifunika foto kwa plastiki ya mashine): usiplastifie. Joto la mashine na gundi yake haviondoki tena. Wala gundi ya mkanda kwenye mpasuko. Nyuma ya foto andika kwa penseli laini, si kwa biki. Kama karatasi ni ya plastiki na penseli haishiki, andika kwenye bahasha.

18. Mlima ukitoka tena, au ikitubidi kukimbia, foto nizifanyeje?

Panga leo. Chagua foto zisizozidi mfuko mmoja mdogo wa plastiki mzito unaofungwa, uziweke pamoja na hati za nyumba na vyeti vya watoto, mahali ambapo hata mtoto wa jirani angeweza kukuletea. Tarehe 27 Mei 2021 walipotangaza kuondoka sehemu ya Goma, watu walienda Sake, Bukavu, Rwanda na wengine walivuka kwenda Idjwi. Mfuko mmoja uliwezekana, valizi haikuwezekana.

Nakala za kompyuta ziwe sehemu tatu: kwenye telefoni au kompyuta yako, kwenye flashi iliyo katika mji mwingine, na ya tatu kwa ndugu wa mbali au kwenye akaunti ya intaneti. "Mji mwingine" ndilo neno la kushika. Flashi mbili katika nyumba moja ya Goma ni flashi moja mlima ukishuka. Mwenye ndugu Idjwi na mwingine Bukavu tayari ana kabati mbili bila kulipa chochote.

## Kesi zenye ugumu

19. Baba yangu mdogo amevaa uniforme kwenye foto. Niweke kwenye kikundi?

Usiweke. Katika miji yetu foto ya askari wa Zaïre ya zamani, au ya mtu amesimama na kiongozi fulani, inaweza kusomwa vibaya na mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi. Hii si historia ya kale. Piga nakala, iandike majina, itunze nje ya telefoni unayotembea nayo, na usitaje mahali mtu au watoto wake wanapokaa sasa.

Kanuni hiyohiyo inashika foto yoyote inayoonyesha kabila, chama au dini ya mtu aliye hai. Sheria nayo ipo: sheria ya Congo ya mambo ya numeriki (Code du numérique) ya mwaka 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Lakini usingoje sheria. Uliza watu walio kwenye foto, na kama wamekufa uliza watoto wao.

20. Mtu mmoja amekatwa kwa makasi, au amekwaruzwa uso. Nitengeneze?

Iache ilivyo. Mke aliyeondolewa, mtoto asiyekubaliwa, ndugu waliogombana: mkasi nao ni sehemu ya habari. Ukipata nakala nzima kwa upande wa pili wa familia, zihifadhi zote mbili. Usimuulize koko mbele ya watu. Muulize mkiwa wawili, na akinyamaza, umejibiwa.

21. Foto ya babu shambani inaweza kuwa ushahidi kwamba shamba ni letu?

Swali hili linakuja mara nyingi kuliko lile la Kabego, na tunaelewa kwa nini. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 hati inayohesabiwa ni cheti cha kuandikishwa, na sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwani iko chini ya desturi, mikononi mwa machifu na koo. Foto inaweza kumsaidia shahidi kukumbuka nyumba ilikuwa wapi. Haionyeshi mpaka, na mtu anaweza kupigwa foto katika shamba la mwenziwe, kama vile wafanyakazi wengi walivyopigwa katika mashamba ya mwanamfalme wa Ubelgiji Eugène de Ligne bila kumiliki hata mgomba mmoja.

Kwa sababu hiyo hatuandiki mipaka ya mashamba kwenye maelezo ya foto. Tunaandika kijiji na watu. Foto ikishaanza kupelekwa kwa wakili, familia nyingine zinafunga valizi zao.

22. Tuna foto za Batwa, wenyeji wa asili wa kisiwa, zilizopigwa na watu wengine. Zinaingia?

Zinaingia ikiwa Batwa wenyewe wanajua na wanataka. Foto nyingi za zamani ziliwapiga bila jina, wakiandikwa nyuma kwa neno la dharau na kipimo cha urefu wao. Zipeleke kwenye familia zao kisiwani, majina yatafutwe kule, na wao waamue kinachoonekana na watu wengine. Usisahihishe maandishi ya nyuma kwa kuyafuta; andika maelezo mapya pembeni.

23. Kuna foto za Idjwi Ulaya? Tutazipataje?

Zipo. Jumba la makumbusho la Afrika la Tervuren, Ubelgiji, lina mkusanyiko mkubwa wa foto za wakati wa ukoloni, zikiwemo za Congopresse, idara ya habari ambamo Joseph Makula, Mkongomani, alipiga foto nyingi. Mapadri Weupe wana hifadhi yao Roma. Wamisionari wa Kipentekoste wa Sweden na Norway, waliofanya kazi Kivu tangu miaka ya 1920, walirudi kwao na masanduku, na mengi yako kwa wajukuu wao.

Unapotafuta, jaribu maandishi yote: Idjwi, Ijwi, Kwidjwi, Kwidschwi. La mwisho ni la Wajerumani, walioshika kisiwa tangu Septemba 1914 hadi 1916 ingawa mkataba wa mipaka wa 1910 ulikuwa umekiweka upande wa Congo ya Wabelgiji. Jaribu pia "Lac Kivu" na jina la paruasi. Ukipata foto, omba nakala, kisha uwatumie majina ya watu kama unayajua. Wao wana karatasi na namba. Mara nyingi majina hawana.

24. Mtu anataka kununua foto zetu. Tuuze?

Ni mali yenu, hatuwezi kuwakataza. Pigeni nakala nzuri kwanza (swali la 12), mbele na nyuma. Muulizeni anazipeleka wapi na zitatumika kwa nini, aandike na kutia sahihi. Wanaonunua hupenda zaidi zile zenye mhuri wa studio na mavazi ya zamani, na hulipa kidogo wakijua bei ya nje ni nyingine. Albamu nzima isiuzwe na mtu mmoja: waiteni ndugu, hata yule aliyeko Idjwi ambaye mtandao humfikia akipanda kilimani, maana huenda mama yake ndiye aliyeko ukurasa wa tatu.